Ndege wa Upande wa Kushoto

Jirani zangu walinihurumia miaka mingi kabla sijajua nahurumiwa kwa nini. Mume wangu alikuwa anatoka nyumbani kila Jumamosi na Jumapili jua halijachomoza, kofia kichwani, begi begani, anafunga mlango polepole asiniamshe, halafu anarudi saa nne asubuhi na uso wa mtu aliyependwa. Sasa mtu wa namna hiyo utamdhania nini? Mwenye duka la mkabala aliniita pembeni siku moja, akanishika mkono. "Dada yangu, mimi si mmbea, lakini mzee wako ana kwake kwingine." Nikamjibu, "Anako. Na huyo mwenzangu ana miguu mirefu na mdomo mrefu zaidi, na analala amesimama ndani ya maji." Alinitazama kama nimerukwa na akili, akanipa chumvi ya bure.

Kwake kwingine ni kinamasi. Kiko nyuma ya mji, ukishapita tanuri za matofali na uwanja wa magari mabovu. Watu wengi wa hapa wanakijua kwa mbu na kwa harufu tu. Mume wangu anakijua kwa ndege. Miaka kumi na tisa anazunguka humo na kamera yake, na mimi kwa miaka kumi na minane ya hiyo sikuwahi kutia mguu, na sababu ninazo: sipendi tope, sipendi ruba, na kuamshwa ndiyo sipendi kabisa.

Siku za kazi ni mtu mwingine. Tuna studio ya picha kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu. Pazia jeupe ukutani, stuli ya kuzunguka, taa mbili zenye miavuli, kioo chenye kitana kilichofungwa uzi ili kisiondoke mfukoni mwa mtu. Kuna na koti moja jeusi la kiume ambalo linamwenea kila mwanaume kwa mbele, kwa sababu nyuma nililipasua mwenyewe na tunalibana kwa vibanio vya nguo. Nusu ya wanaume wa mji huu wamevaa koti hilo kwenye hati zao, na wakionana barabarani wala hawajuani. Yeye anapiga, mimi nachapa na kukata. Neno lake ni moja: "Usipepese." Amelisema sana mpaka likawa ndilo jina lake, hata benki wanamwita Mzee Usipepese. Na ndege anawaambia vilevile. Alikiri mwenyewe. Amelala kifudifudi kwenye matete, mdiria katua juu ya kijiti, na yeye ananong'ona, "Kidevu chini kidogo, bwana. Hapo hapo. Usipepese."

Mume wangu na kompyuta ni paka na panya. Akirudi ananikabidhi kadi ya kamera kwa mikono miwili, mimi nazihamisha picha, nazipanga kwa tarehe. Yeye anachungulia mbili tatu anazozikumbuka, anamtazama ndege wake tu, anasema "hii chapa," anaondoka. Zilizobaki zinalala humo, maelfu kwa maelfu.

Kinamasi mimi nilikuwa nakiona kwenye chai. Anavua buti mlango wa nyuma, anakaa kwenye kigoda, namimina, na yeye anaanza kusimulia, macho yamefumbwa nusu. Jinsi ukungu unavyolala juu ya maji hata hujui maji yanaishia wapi na anga inaanzia wapi. Jinsi korongo anavyosimama ndani ya ukungu huo akaonekana kichwa peke yake, kichwa kinatembea, kinasimama, kinawaza. Mafunjo yanatikisika mahali pamoja bila upepo, yeye anangoja nusu saa, hakitoki kitu, na bado anarudi amefurahi. Kuna ndege mmoja wa kahawia mwenye vidole virefu vya ajabu, anatembea juu ya majani ya yungiyungi wala hazami. Huyo, dume ndiye anayelea watoto. Hatari ikija anawabeba kwapani, anakwenda nao, na ukimwona unahesabu ndege mmoja mwenye miguu kumi. Nikamwambia, "Hapo ndipo ulipomwona mwanaume." Alicheka mpaka chai ikamwagikia mapajani.

Nilikuwa namsikiliza huku nakata picha za watu, na mara nyingine mchana, nikiwa nimekaa peke yangu chumba cha mbele, jua limelipiga lile pazia jeupe, nilikuwa nauona ukungu ule. Nasikia maji. Mteja anabisha hodi mara tatu ndipo nashtuka. Sikumwambia hilo mzee. Angevimba kichwa.

Basi, miaka kama miwili hivi iliyopita, picha zake za ndege zilianza kusifiwa. Jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu, mtu anayesoma gazeti mpaka matangazo ya vifo, alikuja kuchukua picha za pensheni akakuta nimetundika picha ya yule ndege wa vidole. Ndege mwenyewe alikuwa amesukumwa kulia kabisa, karibu atoke, na upande wote wa kushoto ni maji matupu na majani. Mwalimu alisimama pale, mikono nyuma. "Mzee Usipepese," akasema, "umekua. Zamani ulikuwa unamweka ndege katikati kama mshitakiwa. Sasa umempa mahali pa kupumua. Huu utupu huu ndiyo picha yenyewe." Mume wangu alijikuna shingo. Nilijua hakuelewa kitu, ila sifa nani anazikataa? Mwalimu akazichukua kumi akazitundika maktaba, na watu wakawa wanakwenda kuutazama utupu. Mimi nilisema moyoni, haya, sanaa ina mambo yake, mimi ni mkata picha tu.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea.

Picha ya paspoti ina sheria. Kichwa kinakaa katikati, mabega sawa, nafasi ya kulia na ya kushoto zilingane. Ninayo rula yangu ya chuma na kibao cha kukatia chenye kisu cha mkono, nimekitumia mpaka mpini umeshika umbo la kiganja changu. Na kwa muda mrefu, siwezi kusema tangu lini, picha zilikuwa zinanijia kichwa kimeegemea kulia. Kidogo tu. Mimi nikawa nasogeza karatasi, nakata zaidi upande wa kushoto, kichwa kinarudi katikati, maisha yanaendelea. Mkono wangu ulizoea hata sikuwa nafikiri. Kila siku nasogeza, nakata, natupa kipande cha kushoto kwenye ndoo. Kama mke anavyomnyooshea mume kola bila kuacha kuongea.

Mwaka jana binti yetu akajifungua, nikaenda kumkandia mtoto wiki tatu. Studio nikamwachia mzee, akate mwenyewe. Niliporudi nikakuta watu mlangoni. Mmoja mama mwenye kilemba, mkali kama pilipili, akanitupia bahasha mezani: "Wamezikataa! Wanasema kichwa kimekaa upande. Mimi kichwa changu kimekaa upande?" Nikamwambia kichwa chako kimekaa vizuri, mama, ni mkataji ndiye hakukaa vizuri. Wakaja wengine. Siku ile nilimfokea mume wangu mbele ya wateja, haki ya Mungu najuta mpaka leo. "Umekata kama uliyefungwa kitambaa machoni!" Yeye akachukua picha moja, akaishika karibu, akaitazama. "Mbona iko katikati?" akasema.

Hakuwa anatania. Mume wangu akitania sikio lake la kulia linacheza, na halikucheza.

Wateja walipoondoka nikachukua rula. Nikapima picha kumi na tano alizopiga nikiwa sipo, ambazo hazijapitiwa na mkono wangu. Zote kumi na tano zimeegemea kulia. Si moja. Mtu akikosea kwa haraka anakosea huku na huku. Hizi zilikuwa zimekosea kwa nidhamu. Nikakumbuka ule utupu wa mwalimu.

Nikafungua kompyuta, nikaingia kwenye ndege, miezi ya karibuni. Nikaanza kuvipitia vile vipande vya kushoto, ambavyo hakuna aliyewahi kuvitazama, si mimi, si yeye, si maktaba nzima. Navikuza, navipitia polepole. Jamani, hakukuwa na utupu. Kwenye matete kuna bata wamejibanza, saba. Juu ya kijiti kuna mnandi ametandaza mbawa anajianika. Kenge kalala juu ya gogo, ulimi nje. Picha baada ya picha, upande wa kulia ndege mmoja katulia, na upande wa kushoto dunia nzima inaendelea na shughuli zake. Nilisahau kuogopa. Nilikaa pale nikizama humo, naona maji yanang'aa, naona mabua yanavyoinamiana, mpaka nikafika kwenye picha tatu za mwezi uliopita, zilizopigwa moja baada ya nyingine. Kwenye ya kwanza kuna masikio mawili juu ya maji, na macho. Kwenye ya pili masikio yale yamesogea. Kwenye ya tatu kichwa kizima cha kiboko kimetoka, kinamwangalia mpiga picha, na kutoka pale aliposimama haziwezi kuzidi hatua kumi na tano.

Mume wangu anasimulia hata sisimizi. Kiboko hakumsimulia.

Kwa siku tatu sikusema neno. Nikimwangalia namwona mzima, anakula, anachana mvi zake, anawaambia watu wasipepese. Nikawa nahesabu: anagonga bega la kushoto kwenye mlango wa jiko, mimi namwita mzembe. Bilauri ikiwa kushoto ataiangusha. Vyote hivyo nilikuwa nimeviona na kuvigombeza mwaka mzima, maana mdomo wangu hauna likizo. Jumamosi alikwenda akarudi mzima; jioni nikamwambia, "Kesho nakuja na wewe."

"Unakuja wapi?"

"Kwa mke mwenzangu. Miaka yote hii sijamwona, si adabu."

Alidhani nina homa. Alipoona sitanii, alikwenda mwenyewe kunitafutia buti zake za zamani, akazisafisha, akajaza magazeti vidoleni ili zinishike. Alikuwa anapiga mluzi. Nilikwenda kujifungia bafuni nikalia kidogo, nikatoka.

Tulifika kabla ya jua. Njia ya mle si njia, ni matete yaliyolazwa yakashikana, ukikanyaga yanashuka kidogo na maji ya vuguvugu yanakuja mpaka kifundo cha mguu, kisha yanakupandisha tena. Unatembea kama mtu anayetembea juu ya godoro. Ukungu ulikuwa mzito, mweupe, hauna mwisho, na sauti zote zilikuwa zimefunikwa: chura, tone, bawa. Hapakuwa na mji. Nilisahau kama nina kodi ya studio, kama nina goti bovu. Jua lilipoanza kuja halikuja kutoka upande wowote, ukungu wenyewe ndio ulioanza kuwaka kidogo kidogo, rangi ya maziwa, kisha ya asali, na mafunjo yakatokeza vichwa vyao vya nywele ovyo, moja moja, kama watu wanaoamka. Na kweli kabisa, kichwa cha korongo kilipita kikitembea peke yake. Nikamshika mume wangu mkono. "Nilikwambia," akanong'ona. Nilikuwa natembea kushoto kwake. Nilikuwa nimepachagua.

Tulikaa juu ya gogo. Akaandaa kamera. Kisha upande wangu, hatua sita hivi, fisi-maji wawili wakachomoza majini, wakapanda kwenye nyasi, wakaanza kusuguana migongo na kulia vilio vyembamba. Mimi sijawahi kuona kitu kama kile maishani mwangu. Walikuwa wanang'aa. Nikageuka kumtazama. Alikuwa anaangalia mbele, anatabasamu, ametulia.

"Leo kumetulia," aliniambia. "Kumetulia sana siku hizi."

Yangeyange wakashuka, sita, wakatua kushoto. "Kumetulia," akasema tena, na safari hii tabasamu halikuwepo.

Nikainua mkono wangu mpaka usawa wa sikio lake, shubiri mbili tu kutoka usoni pake. Nikaupunga. Nikachezesha vidole. Nimeolewa na mtu huyu miaka thelathini na mmoja, nampungia mkono, na haoni. Nikawa naendelea kumpungia tu, sijui kwa nini sikuacha, machozi yananishuka.

"Unalia?" Masikio anayo.

"Mbu kaniingia jichoni."

"Na bado, hujawaona wa saa kumi na mbili jioni," akasema.

Hapo ndipo maji yakapumua. Sauti nene, fupi. Nikageuza shingo, nikaona masikio mawili kwenye majani ya yungiyungi, yanazunguka. Sikufikiri. Nilimkumbatia mume wangu kwa nguvu zangu zote, nikamwinua, nikamvuta kulia mpaka tukaangukia kwenye kichuguu, kamera juu ya tumbo.

"Mama watoto!" akasema, macho yamemtoka. "Hapa?"

Kiboko akakoroma, akazama. Mawimbi yakaja mpaka kwenye buti zetu. Mzee akasikiliza. "Hicho ni nini? Kiboko? Humu hamna kiboko tangu mwaka wa mafuriko."

"Bata," nikasema.

"Bata gani anayepumua hivyo?"

"Bata mnene. Twende nyumbani, nina baridi."

Njia nzima alikuwa anacheka. Alisema laiti angejua kinamasi kinanifanya hivi angenipeleka tukiwa vijana. Mimi nacheka naye, na kila hatua nageuka kutazama maji ya kushoto.

Jumatatu nilidanganya kuwa nakwenda kununua karatasi, nikaenda kliniki ya macho peke yangu. Muuguzi wa pale, mwanamke wa umri wangu, akanisikiliza mpaka mwisho bila kuandika. Akasema inawezekana ni presha ya macho. Inakula pembeni, polepole, haiumi, na mtu mwenyewe hajui kwa sababu akili inajaza pale palipokosekana; haoni giza, anaona tu kwamba hakuna kitu. "Mlete," akasema. "Kilichokwenda hakirudi, nisikudanganye. Kilichobaki tunaweza kukishika kwa matone, mkiwahi. Mmechelewa tayari."

"Na kutembea peke yake kwenye kinamasi?"

Alinitazama vibaya. "Mama, huyo hata barabara asivuke peke yake."

Nilirudi kwa miguu ili nichelewe. Jambo lenyewe lilikuwa rahisi kulisema, lina maneno matano. Lakini nilimjua mtu wangu. Studio ni chakula chetu, ila pale anakaa tu. Anakoishi ni kule. Nikimwambia, nimemnyang'anya kinamasi kwa mkono wangu mwenyewe. Nisipomwambia, kiboko atamchukua, au ugonjwa utakula hata yule ndege mmoja wa kulia aliyebaki. Na mimi ndiye niliyeuficha. Mwaka mzima, labda zaidi, nauficha kwa rula na kisu, nautupa kwenye ndoo. Nilijichukia njia nzima.

Jumanne mchana tulifunga mlango kwa ajili ya chakula. Nilichapa ile picha ya tatu ya kiboko, kubwa, karatasi nzuri. Nikaiweka kwenye kibao, nikashusha kisu katikati. Kipande cha kulia nikakilaza kifudifudi. Cha kushoto nikampa.

"Hebu itazame hii."

Akaisogeza kwenye mwanga. Uso wake ukafunguka. "Lo! Lo lo lo! Tazama alivyotoa kichwa! Na maji yanavyomtiririka kwenye pua!" Akaikaribisha zaidi. "Na huyu mnandi huku nyuma, umemwona? Na bata. Huyu mtu anajua kusimama, bwana. Hakutetemeka hata kidogo." Nikasikia wivu kwenye sauti yake, wivu wa fundi. "Nani kapiga hii?"

"Wewe."

"Mimi?" Akacheka. "Sijawahi."

Nikageuza kipande cha kulia, nikakisogeza mpaka vikagusana. Jani moja la yungiyungi lilikuwa limekatwa nusu kwa nusu, likaungana. Juu ya nusu ya kulia amesimama ndege wake wa vidole, ambaye anamjua, ambaye alimngoja dakika arobaini na kunisimulia kwenye chai.

Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akarudi. Kisha akainua mkono wake wa kushoto mwenyewe, akauweka karibu na sikio, akaanza kuuleta mbele polepole, vidole vinacheza. Ukaja, ukaja, ukapita jicho, ukawa karibu na pua ndipo alipouona. Akaurudisha. Akaujaribu tena.

Hapo nikamwaga yote. Kwa ukali, kwa sababu kwa upole nisingefika mwisho. Kliniki, matone, kilichokwenda hakirudi. Kwamba nimekuwa namnyooshea picha muda wote kama mjinga. Kwamba kesho Jumatano tunakwenda hospitali, hilo si ombi. Kwamba peke yake hatoki tena, haendi kule bila mimi, na mimi nakaa kushoto, atake asitake, na ruba wakininyonya damu itakuwa juu yake. Nikangoja avunjike.

"Hii ni ya lini?" akauliza.

"Mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita." Akagusa bata wale kwa kidole, mmoja mmoja, mpaka saba. "Na zipo nyingine? Zenye vitu huku?"

"Karibu zote. Zimejaa tele."

Akalaza kichwa mezani, juu ya picha, mabega yakaanza kumtikisika. Nikasema moyoni, basi, nimemuua mume wangu. Nikamshika mgongo. Alipoinua uso ulikuwa umelowa wote.

"Mimi nilidhani wanaondoka," akasema. "Miaka miwili, mke wangu. Kila nikienda wamepungua. Zamani ukikaa pale gogoni walikuwa wanakuja pande zote, hujui umtazame nani. Wakaanza kupotea. Nikasema kinamasi kinakufa, labda ni zile tanuri, labda ni dawa za mashambani. Sikukwambia, ningekuumiza bure. Nilikuwa nakwenda kama mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa asiye na muda." Akajifuta kwa kiganja. "Kumbe wapo?"

"Wapo."

"Wote?"

"Mimi majina yao siyajui, lakini wapo. Tena wanagombania nafasi."

"Na fisi-maji? Sijamwona fisi-maji mwaka wa pili huu."

"Jumapili walikuwa wawili. Wanasuguana migongo. Karibu hivi, ningeweza kuwatemea mate."

Alicheka na kulia kwa pamoja, pua inamtoka, mtu mzima na mvi zake.

"Kwa hiyo hawakuondoka. Ni mimi ninayekwenda."

"Ni wewe," nikasema.

"Afadhali," akasema.

"Afadhali nini?"

"Afadhali iwe mimi."

Na alikuwa anafurahi. Nilimtazama vizuri, maana nilitamani kumpiga na rula ya chuma, na haki ya Mungu mtu yule alikuwa anafurahi. Nilivuta kiti nikakaa kushoto kwake, nikafungua kompyuta, nikatafuta picha ya kwanza kabisa ya miaka ile miwili, tukaanza kuzipitia moja moja, mimi nikimwonyesha walipo, na yeye akinitajia majina.